Besi Isiyofunika Maneno

Marahaba, wanangu. Shikamoo zenu zinanifikia kupitia simu ya mjukuu wangu. Tangu awaonyeshe picha ya sabufa yangu ya mwisho, simu hiyo haipumziki. Na kila mmoja wenu anauliza swali lile lile: "Bibi, bomba la besi liwe na urefu wa sentimita ngapi?"

Nitawajibu, ila kwa kuzunguka kidogo, maana jibu lenyewe nilifundishwa na mtu, na siwezi kulitoa bila kumtaja mtu huyo.

Mimi ni Kulwa. Nimetengeneza masanduku ya spika hapa Mwanza mpaka kifua kilipokataa vumbi la mbao. Kabla ya hapo nilikuwa seremala. Baba yangu alikuwa na karakana Misungwi, na kwa kuwa kaka zangu wote walikimbia randa, randa ikaja kwangu. Nilipoolewa mjini nikaja nayo. Nikawa natengeneza makabati, vitanda, meza za kulia chakula. Vanishi yangu ilikuwa ukijitazama unaona meno yako.

Siku moja akaja mzee mrefu, mwembamba, kalamu mbili mfukoni. Mzee Masatu, Mkerewe, fundi wa redio na spika, karakana yake ilikuwa mtaa wa pili kutoka kwangu. Alitaka masanduku mawili matupu, akanipa vipimo kwenye karatasi. Nikayatengeneza kwa plaiwudi nyembamba, ili yasiwe mazito, nikayapiga msasa na vanishi mpaka yakang'aa. Alipokuja kuyachukua hakutazama vanishi. Aliinama, akagonga ubavuni kwa kifundo cha kidole, kama mtu anayebisha hodi.

"Linaimba," akasema.

Nikatabasamu. Nilidhani ananisifu.

"Mama, spika ndiyo iimbe. Sanduku linyamaze. Hili lako litaimba wimbo wake lenyewe, na si wimbo ninaoutaka."

Nikaumia, niwaambie kweli. Lakini hakuondoka. Alikaa kwenye kigoda changu akanieleza: mbao iwe nene, ndani kuwe na mhimili unaoshikilia kuta mbili zisicheze, kila kona ijae gundi. Nanyi wanangu, chipubodi ya bei rahisi hapa kwetu iogopeni. Huu unyevu wa ziwa ukiingia inavimba kama andazi. Nikarudia kazi yote. Aliporudi aligonga tena, sanduku likatoa sauti fupi, butu, kama ukigonga gunia la mchele. Akacheka. "Sasa hili limejifunza adabu." Mwezi uliofuata nilifunga karakana yangu nikahamia kwake. Mume wangu aliuliza kama nimerogwa.

Hapo ndipo nilipojifunza mambo ambayo ninyi mnayatafuta kwenye simu. Kujua kama sanduku linavuja, ziba bomba, ule mrija wa kupumulia wa sanduku, kwa kitambaa, kisha sukuma koni, ule uso wa spika unaotetemeka, taratibu kwa vidole vya mikono yote miwili, uachie. Ikirudi haraka, kuna tundu mahali. Ikirudi kwa uvivu, kama mtu anayeamshwa kwenda shamba, umefunga vizuri. Na bomba: likiwa refu, sanduku linashuka kwenye sauti nzito zaidi, likiwa fupi, linapanda. Kata refu kuliko unavyodhani, jaribu, punguza upana wa kidole, jaribu tena. Ukishakata kupita kiasi utaenda kununua lingine.

Najua kwa sababu nilikata. Palikuwa na mgahawa wa samaki kule Kirumba, nikawatengenezea sabufa peke yangu, Mzee akiwa amesafiri kwenda Ukerewe. Nilikuwa na haraka, bomba likawa fupi. Kila wimbo uliopigwa pale ukawa na noti moja tu ya besi, *bu, bu, bu*, kama mashine ya kusaga. Siku ya tatu mwenye mgahawa akaja kwa miguu, jasho linamtoka.

"Mama, njoo uone. Sahani zangu zinatembea."

Na kweli zilikuwa zinatembea. Kila ile noti ikija, sahani za rafuni zilisogea kidogo kuelekea ukingoni, na mhudumu alikuwa amesimama chini yake ameshika sinia, anazisubiri. Mzee aliporudi nikamweleza, akacheka mpaka akavua miwani. Hakunikemea. Alinipa kipande kirefu cha bomba akasema, "Nenda kaziambie sahani zikae."

Nawaeleza hivi ili mjue alikuwa mtu wa namna gani, kwa sababu yanayofuata ni kosa langu, na lilikuwa kubwa kuliko sahani.

Tulikuwa tumefanya kazi pamoja miaka mingi masanduku yalipoanza kurudi. Hayakuwa yameharibika. Watu walisema tu yanatoboa masikio. "Fundi, nikiweka taarifa ya habari, kichwa kinauma." Mzee alikuwa akiyasikiliza, anatikisa kichwa, anasema mbona sauti ni safi. Nami nimesimama pembeni nimekunja uso, maana twita, ile spika ndogo ya sauti nyembamba, ilikuwa inakwaruza kama msumari juu ya bati.

Halafu nikaanza kuona mengine. Simu yake ilikuwa na mlio wa ndege. Ililia juu ya meza mbele yake, naye anaendelea kuunga waya. Mteja akiongea amegeuka upande, Mzee anacheka tu na kusema "sawa, sawa". Nikaelewa. Masikio yake yalikuwa yanapoteza sauti nyembamba. Kwa hiyo alikuwa anaiongeza twita mpaka aisikie yeye, na alipoisikia yeye, wengine wote walikuwa wanaziba masikio.

Nilipaswa kumwambia. Mngekuwa ninyi, natumaini mngemwambia. Mimi nilinyamaza. Akishamaliza sanduku na kwenda kula chakula cha mchana, nilikuwa nafungua skrubu, naweka rizista ndogo kwenye waya wa twita ili kuipunguza nguvu, nafunga. Nilijiambia ni heshima. Masanduku yakaacha kurudi, wateja wakamsifu, naye akawa anatembea kifua mbele. Nikimtazama nilifurahi na kuona aibu kwa pamoja.

Siku ikafika. Sanduku moja lilirudi kwa sababu panya walikuwa wametafuna waya. Alilifungua mwenyewe. Nilikuwa napiga randa, nikasikia kimya. Nilipogeuka alikuwa ameshika ile rizista kati ya vidole viwili, ameisogeza dirishani.

"Kulwa. Hii ni ya nani?"

"Ni yangu, Mzee."

"Tangu lini?"

"Tangu Kwaresima."

"Masanduku mangapi?"

Nikaweka randa chini. Akatazama mdomo wangu, nikajua kwamba kwa muda mrefu alikuwa anasoma midomo yetu.

"Yote," nikasema.

Akaweka bisibisi mezani, polepole sana. "Kwa hiyo watu wanaponishika mkono huko barabarani, wanashika mkono wa nani?"

"Niliogopa, Mzee."

"Uliogopa nini? Mimi nimekuwa simba?"

"Niliogopa ukijua utaacha kazi."

"Sasa nimejua." Akavua aproni, akaikunja vizuri kama shuka la hospitali, akatoka. Alisahau chakula chake. Nilikitazama kile kibakuli mpaka jioni.

Hakurudi kesho yake, wala keshokutwa. Na tulikuwa tumeshapokea kazi kubwa ya kanisa. Lilikuwa kanisa jipya, refu, kuta za zege na paa la bati, na askofu alikuwa anakuja kulibariki. Masanduku mawili marefu kuliko mimi. Nikasema nitaimaliza mwenyewe, nimthibitishie kwamba... sijui nilitaka kumthibitishia nini.

Twita haikunisumbua. Besi ndiyo ilinishinda. Tulipojaribu, Padri akasimama kwenye mimbari akasoma mistari miwili, ikawa kama anasoma ndani ya tanki la maji. Ngurumo ilijaa kanisa zima, neno moja halijatoka lingine limeshalifunika. Nikapunguza besi kwenye amplifaya, sauti ikawa nyembamba kama ya redio ya mkulima. Nikaongeza, ngurumo ikarudi. Nilikaa na masanduku yale siku sita. Mwishowe Padri akaniambia kwa upole, "Mama, usijisikie vibaya. Tutaazima vyombo kwingine." Ule upole uliniuma kuliko kama angenifokea.

Nikaenda Pasiansi, kwa Mzee.

Nilimkuta mkewe, Mama Bwire, nje ya nyumba, anachagua dagaa kwenye wavu. Alinisogezea kiti. Nikakaa, nikaanza kuchagua dagaa pamoja naye.

"Unajua kwa nini yuko nyumbani," nikasema.

"Najua. Na la masikio nililijua kabla yako." Akatupa dagaa mmoja kwa paka. "Alianza kutoitika nikimwita kutoka jikoni. Nikadhani amenichoka. Mwanangu, nilikasirika mwaka mzima. Mwaka mzima nampelekea chakula bila kumtazama usoni. Halafu siku moja birika likachemka, mfuniko unapiga kelele, mvuke unapiga mluzi, naye amekaa hapo hapo kando yake anasoma gazeti. Nikasimama mlangoni nikamtazama. Nikalia, kwa ule mwaka."

"Ukamwambia?"

"Aka. Nikaanza kumfuata alipo ndipo niongee." Akafuta mikono kwenye kitenge. "Sote wawili tumemficha. Wewe kwa rizista, mimi kwa miguu."

Tulimkuta Mzee upande wa ziwa, amekaa, mikono juu ya magoti. Nilipiga goti nikamsalimia. Akaitikia marahaba bila kugeuka. Nikazunguka nikakaa mbele yake, ili auone mdomo wangu.

"Mzee, nilikosa. Nilipaswa kukuambia siku ya kwanza. Nisamehe."

Akatazama ziwa juu ya bega langu.

"Na kazi ya kanisa imenishinda."

"Tafuta fundi mwenye masikio."

"Masikio ninayo mawili mazima, hayajanisaidia. Besi nimeisikiliza siku sita, siielewi. Nimekuja kuomba vidole vyako."

Akaitazama mikono yake, kama amekumbushwa kwamba anayo. Mama Bwire akasogea mbele yake, akasema kwa sauti kubwa, "Nenda na mtoto wa watu. Wiki tatu umekaa hapa unanihesabia vikombe. Nimechoka!"

Mzee akaguna. Lakini akasimama akatafuta viatu.

Sasa wanangu, hapa ndipo mnisikilize vizuri. Kanisani hakutaka wimbo wowote. Alimwomba mwalimu wa kwaya akae kwenye kinanda, abonyeze noti nzito moja moja, kila moja aishikilie kwa muda. Mzee akapiga magoti mbele ya sanduku. Akaweka ncha za vidole vya mkono wa kulia juu ya koni, na kiganja cha kushoto mbele ya bomba. Akafumba macho.

Noti baada ya noti, koni ilitetemeka. Mwalimu akashuka, akashuka. Tukafika noti moja, koni ikatulia. Spika inapokea nguvu ile ile, lakini koni karibu isimame, huku upepo unatoka kwenye bomba mpaka mkono wa shati lake unapepea.

"Hapa," akasema. "Njoo ushike."

Nikashika. Chini ya vidole vyangu koni ilikuwa kama mnyama aliyelala.

"Koni inapotulia namna hii, ni bomba ndilo linaimba. Hiyo ndiyo sauti ya sanduku lako. Umeiweka juu mno, iko palepale penye sauti ya kifua cha Padri. Kila akitoa neno, sanduku linaitikia. Ulikata bomba?"

"Nilikata."

"Kwa haraka?"

"Kwa haraka."

Kwa mara ya kwanza tangu ile rizista, akacheka. "Sahani za Kirumba hazikukufundisha kitu."

Tukaweka bomba refu, kisha refu zaidi, kila mara vidole juu ya koni, noti inashuka mpaka ikatoka kabisa kwenye sauti za watu. Ngurumo nyingine ilikuwa inatoka pembeni, kwa sababu nilikuwa nimeyabana masanduku kwenye kona za ukuta, na kona huongeza besi bila kuombwa. Tukayasogeza mbele. Ndani tukajaza sufi kutoka kwenye mto ambao Mama Bwire alituletea, akisema shingo yake itavumilia. Kisha Mzee akatembea kanisa zima, kiganja juu ya mgongo wa kila benchi, kama anasalimia watu waliokaa. Benchi likitetemeka kupita kiasi, anarudi kugeuza sanduku kidogo.

Mimi nikashughulikia twita. Aliniambia mbele ya mwalimu na mbele ya Padri, bila kushusha sauti: "Huko juu sisikii tena. Huko ni kwa Kulwa. Mimi nakaa huku chini." Nilikuwa nimeogopa maneno hayo kwa miezi, naye aliyasema kama anayesema mvua imenyesha.

Siku ya baraka kanisa lilijaa mpaka nje. Somo la kwanza alisoma Mama Bwire. Mimi na Mzee tulikaa benchi la nne. Mkewe akaanza kusoma, na sauti ikatoka kwenye yale masanduku imesimama vizuri, kila neno na nafasi yake. Nilikuwa natazama koni, kama fundi yeyote mjinga, sikuwa namtazama jirani yangu. Ghafla akanikamata kifundo cha mkono.

"Namsikia!"

Alidhani amenong'ona. Mtu asiyesikia hajui kunong'ona. Kanisa zima liligeuka, askofu akainua kichwa, na Mama Bwire akakatika katikati ya mstari.

"Maneno yote," Mzee akasema, machozi yanashuka ndani ya ndevu. "Si sauti tu. Maneno."

Mama Bwire akakitazama kitabu muda mrefu. Halafu akarudia somo tangu mwanzo. Hakuna aliyemzuia.

Ndiyo maana mkinitumia sauti za sabufa zenu zinazotikisa vioo vya madirisha, nasema hongera, lakini naomba mniwekee na mtu anayeongea. Besi nzuri inakaa chini na kuwaachia watu maneno yao.

Tulifanya kazi hivyo miaka yote iliyobaki, yeye chini, mimi juu. Aliandika maneno kwenye ubao kwa mkono wake akautundika mlangoni: FUNDI HASIKII VIZURI, SIMAMA MBELE YAKE. Wateja waliongezeka. Na nyumbani kwake alitengeneza sanduku dogo, akaliweka karibu na kiti chake, waya ukaenda mpaka jikoni kwenye maiki. Alilipima kwa sauti ya mtu mmoja. Mama Bwire alisoma gazeti zima ukurasa kwa ukurasa, na mimi nabadilisha rizista, mpaka Mzee aliposema basi. Tangu hapo mtaa wote wa Pasiansi ulijua chakula cha kwa Masatu kimeiva saa ngapi, na siku walizogombana ulijua sababu.

Alifariki kwa utulivu, akiwa mzee sana. Baada ya arobaini Mama Bwire aliniita. Akasema lile sanduku alichukue mtu, hapo linamkwaza. Nikaenda na bisibisi. Nilipokuwa nataka kuchomoa waya, akasema, "Ngoja." Akaingia jikoni. Nikasikia swichi, kisha sauti yake ikatoka pale karibu na kiti, safi, haina ngurumo hata kidogo.

"Masatu, uji tayari."

Akangoja. Aliingoja ile nafasi ambayo mtu huitumia kukunja gazeti na kutafuta viatu. Kisha akazima, akaja sebuleni anafuta mikono.

"Haya, chukua, mwanangu. Buhongwa kuna kwaya ya watoto, wanaimba bila chombo."

Nikalipeleka wiki ile ile. Mwalimu wao aliuliza kama ningependa kuliongezea besi kidogo, maana watoto siku hizi wanapenda. Nikamwambia aimbe mtoto mmoja kwanza. Akasimama binti mdogo mwenye pengo, akaimba ubeti mmoja kwenye maiki, na sisi tuliokuwa nyuma kabisa, mlangoni, tulielewa kila neno. Mwalimu akanitazama, akasema basi, liache hivyo hivyo.